Picha za marehemu mke wangu zilikuwa zinatoweka kwenye simu, nikazifuata hadi Angurai

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni msomaji tu humu. Nimesoma nyuzi zenu kwa muda mrefu bila kuchangia, leo nimeona niandike ya kwangu. Nitayasema kama yalivyonitokea, na mahali sijui nitasema sijui. Naandika kwa simu na shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie nikikosea.

Nakaa Malaba, upande wa Kenya. Kazi yangu ni kushona maturubai ya malori. Lori likiwa kwenye foleni ya kuvuka Uganda na turubai limechanika, dereva ananiita, napanda juu na sindano yangu, nashona huku foleni inasonga. Kuna siku nimepanda nikiwa karibu na nyumbani na nikashuka nikiwa karibu na geti la mpakani.

Mke wangu alikuwa anauza mapazia ya mtumba. Nitamwita Mama Nafula, kwa sababu ndivyo kila mtu alimwita, hata mimi.

Alifariki mwaka jana. Aliugua muda mfupi tu. Hapo nitapita haraka, mtanisamehe.

Biashara yake yote ilikuwa kwenye simu. Alikuwa anatundika pazia kwenye kamba ya nguo, anachukua video, anawatumia wateja wa Busia, wa Nambale, wengine wako hadi Nangina. Ukifungua simu yake ni mapazia, mapazia, mapazia. Halafu katikati ya mapazia unatukuta sisi. Binti yetu Nafula akiwa na sare ya shule. Mimi nikila. Mimi nimelala kwenye kiti, mdomo wazi. Za kwake mwenyewe zilikuwa chache kwa sababu yeye ndiye alikuwa anashika simu.

Kulikuwa na video moja ya mwisho kabla hajaugua. Ni ya mapazia kama zile zingine, lakini ndefu. Nimewauliza wateja wake, hiyo hakuwa amemtumia mtu yeyote.

Inaanza hivi: "Habari zenu wateja wangu wa nguvu."

Nikifika hapo nilikuwa nazima. Sikuwahi kupita hapo hata siku moja. Nilijiambia kuna siku nitapata nguvu, nitaketi na Nafula, tuisikilize yote. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pengi, lakini hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, na nilikuwa nimeiweka kama mtu anavyoweka mbegu.

Sasa niingie kwenye shida yenyewe.

Tulimzika nyumbani kwetu, Nambale. Mpiga picha wa mazishi alinipa kazi yake kwenye flash. Kwetu mnajua vile hufanywa, jeneza linafunguliwa, kila upande wa familia unasimama hapo kwa zamu, unapigwa picha. Mimi nilitaka picha zote zikae pamoja, za uzima na za mazishi. Nikapeleka flash na simu ya Mama Nafula kwa dada mmoja wa cyber hapa Malaba, anaitwa Faith.

Faith akaunganisha simu na kompyuta kwa waya, akamwaga picha za mazishi ndani ya simu. Simu yenyewe ikaanza kuzipandisha cloud, ile hifadhi ya mtandaoni. Ikalalamika imejaa. Kuna mahali unabonyeza, zile ambazo zimeshapanda cloud zinatolewa kwa simu ili ipate nafasi. Nilimuuliza kama hazitapotea.

"Hapana mzee. Si unaziona hapo?"

Kweli nilikuwa naziona. Na nikaelewa hata Mama Nafula alikuwa anabonyeza hapo hapo kila simu ikijaa.

Nikaenda nyumbani nikiwa nimetulia.

Baada ya siku chache nikaona zile za jeneza hazipo. Nikafikiria ni bundles za intaneti zimeisha. Nikanunua, bado hazipo. Nikarudi kwa Faith.

Akazipata kwenye pipa la taka la app ya picha. "Mzee, ni wewe unafuta?"

"Sijafuta."

"Ni Nafula?"

"Nafula hajui kufungua hii simu."

Akazirudisha zote. Akanionyesha vile hurudishwa, nikajua kufanya mwenyewe. Hazikukaa. Nikirudisha, zinatoka. Tena sasa zikaanza kutoka hata zile za uzima. Ile ya gauni la bluu, siku ya harusi ya jirani, ikaenda. Nikairudisha. Ikaenda tena.

Nikamweleza shemeji yangu, dada ya Mama Nafula. Akasema, "Shemeji, si mtu. Ni mwenyewe anatoa picha zake. Hakupenda mpige akiwa amelala vile."

Wakuu, mtacheka, lakini nilifikiria sana maneno hayo. Mtu akiwa na msiba anaweza kuamini kitu ambacho angekataa kikiwa ni cha mwingine. Jumapili nikaenda Nambale, nikasimama kwenye kaburi nikamwambia, kama ni wewe, hizo za jeneza zitoe zote, hata mimi sizipendi. Lakini ile video niachie.

Za jeneza zikatoka zote.

Siku chache mbele, video nayo ikatoka.

Sina namna ya kueleza vile nilihisi. Sikuwa na hasira. Nilihisi tu kama mtu ambaye ameomba kitu kidogo na amenyimwa na mtu ambaye hakuwahi kumnyima.

Nikabeba simu hadi cyber. Faith akafungua lile pipa. Lilikuwa tupu. Hakuna picha, hakuna video.

"Hapa mtu amemwaga kabisa," akasema. "Ikishamwagwa hivi, haturudishi."

Akatafuta kwenye simu, akatafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta kwenye memory card ya simu. Hakuna. Kwa sababu mnakumbuka tulikuwa tumeondoa za simu ili tupate nafasi. Kile nilikuwa naona kwenye simu ilikuwa ni cloud tu inanionyesha.

Ni wakati anatafuta ndio akasimama kwenye picha moja. Ndama. Amezaliwa sasa hivi, bado amelowa, mama yake anamlamba. Chini imeandikwa tarehe ya siku hiyo hiyo, asubuhi.

Picha za huyo ng'ombe nilikuwa nimeziona zamani, na watoto fulani, na nyumba yenye tangi la maji. Nilidhani ni wateja wa Mama Nafula walimtumia. Sikuwa nimeangalia tarehe.

Faith akasema polepole, "Mzee, marehemu hapigi picha ya ng'ombe."

Halafu akashika mdomo. "Samahani."

Nilicheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka.

Akaingia kwenye mipangilio ya akaunti, akaniambia kuna simu mbili ndani. Moja ni hii tumeshika. Nyingine haijulikani. Alitaka kubadilisha password, lakini ya zamani hatukuwa nayo. Akaniuliza nani alifungua hiyo email. Nikasema ni jamaa aliyetuuzia simu.

Huyo jamaa wanamwita Kevo. Nikaenda kwake.

"Hiyo ni service, mzee," akaniambia. "Mtu ananunua simu, hajui email ni nini, na simu haifunguki vizuri bila email. Namwekea yangu moja ya kazi. Nikiona imekataa kuingia simu zingine, nafungua ingine. Halafu namwambia, ukifika nyumbani ubadilishe."

"Kuna mtu alishabadilisha?"

Akafikiria. "Mmoja."

Nikamuuliza hii email yetu iko na nani. Akasema simu tatu. Moja iliibiwa, moja ni ya Mama Nafula, moja ni ya mama fulani wa Angurai.

"Huyo namkumbuka. Alikuja hapa juzi ananiuliza vile mtu hutolewa kwa simu kabisa asirudi tena. Nikamwonyesha pipa, nikamwonyesha kumwaga."

"Hukumuuliza ni mtu gani?"

"Nilidhani ni mume."

Sikumgombeza. Alinipa password bila shida. Hata alikuwa ameanza kuona haya.

Faith akaniambia sasa ni rahisi, tunabadilisha password, yule mama anatolewa, kazi imeisha. Nikamuuliza, na picha zake?

"Zinabaki kwetu. Yeye atakuwa nje."

Nikafikiria yule ndama. Nikafikiria wale watoto, kuna mmoja hana meno ya mbele. Nilikuwa najua vile inauma kufungua simu na kukosa mtu. Na pia, niwaambie ukweli wote, nilikuwa na tumaini kwamba labda video iko kwa simu yake. Nikamwambia Faith angoje.

Siku iliyofuata sikwenda kwa malori. Nilienda Angurai. Pale sokoni nikamwonyesha mtu wa boda picha ya nyumba yenye tangi. Hakuijua. Nikamwonyesha ya ng'ombe.

"Huyo ng'ombe namjua," akasema. "Panda."

Tukafika kwa mwenye ng'ombe, wanamwita Mama Akisa. Ni mama mzee kiasi, alikuwa ameketi nje anabambua njugu. Nilisalimia. Alipoinua macho aliniangalia, akasimama, njugu zikamwagika.

"Wewe ni yule wa suti ya kahawia, kando ya jeneza," akasema.

"Ndio, mama."

"Suti ilikuwa kubwa."

"Ilikuwa ya kuazima."

Akabaki ameshika kiti. "Na yule mama? Amekutuma?"

Hapo ndipo nilielewa huyu mama amekuwa akiishi na nini. Nikamwambia hapana, hakuna aliyenituma, mimi ni mume wake, ni mambo ya simu tu. Nikamweleza ya Kevo, ya email moja, kwamba simu zetu mbili zilikuwa zinatumia sanduku moja bila sisi kujua. Chake kilikuwa kinaingia kwangu, changu kinaingia kwake. Akifuta kwake, kwangu pia kinaondoka.

Alisikiliza vizuri. Halafu akaanza kusema yake.

"Nilifungua simu asubuhi nione wajukuu, nikakuta jeneza. La nani? Sijui. Nikafuta, nikaomba. Kesho yake amerudi, na watu wengi zaidi. Nikafuta, amerudi. Nikaona ni yule yule wa mapazia aliyekuwa akija kwa simu yangu, nikaanza kufuta hata zile akiwa mzima. Nikasema huyu mtu ana kitu anataka kwangu, na mimi simjui, sijamkosea."

"Ni mimi nilikuwa namrudisha, mama."

"Wewe unamrudisha, mimi namwondoa."

"Ndio."

Akaketi chini pole pole. "Kumbe tulikuwa tunamvuta huku na huku, maskini." Akajifuta macho na kona ya leso. "Kumbe nilikuwa nafukuza bibi ya mtu."

Nikamwambia asijilaumu. Hata mimi ningekuta jeneza kwa simu yangu asubuhi, ningefuta.

Nikamwambia pia nilikuwa namuona ng'ombe wake. Akashangaa. Akaniuliza kama nimeona amezaa. Nikasema nimeona, ndama ni mzuri. Akafurahi kidogo, na mjukuu wake yule asiye na meno ya mbele akatumwa kuleta chai.

Ndipo nikauliza kuhusu video.

"Ile ya mapazia?" Akainamisha kichwa. "Hiyo niliifuta mwisho wa zote. Nilikuwa nimeiacha. Lakini Kevo aliponionyesha kumwaga, nikamwaga yote."

Nikaangalia simu yake. Haikuwepo. Nilijua haitakuwepo, lakini niliangalia.

Halafu akasema, "Lakini niliiangalia sana. Nilitaka kujua ni nani, ili nimwombee kwa jina. Hakutaja jina lake mahali popote."

"Uliiangalia yote?"

"Hadi mwisho. Kwani wewe hukuiangalia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nafika tu kwa salamu, nazima.

Akasogeza kiti chake karibu na changu, akaketi kama mtu aliyetumwa kupeleka ujumbe na amefika.

Akaniambia: alisalimia wateja. Akaonyesha la maua mekundu, akasema hili halijafifia, ukilifua halitoi rangi. Akaonyesha meupe mawili, akasema haya ni ya mtu ambaye hana watoto wadogo, akacheka mwenyewe. Akaonyesha mengine, bei hizi na hizi. Halafu akasema asanteni, akaweka simu juu ya meza akidhani amezima. Ikabaki inaonyesha mabati tu.

"Lakini sauti inaendelea," Mama Akisa akasema. "Anakunja mapazia. Kuna mama mwingine akaingia, nadhani ni jirani, akauliza, na hili la kijani ni ngapi? Akamwambia, hilo siuzi. Yule mwingine akasema, si uniuzie mimi tu. Akamwambia, hapana, Baba Nafula amelishika mara mbili akipita. Hawezi kusema, huyo mtu hasemi, lakini mimi namjua. Hilo litaenda chumba chetu."

"Halafu?"

"Halafu yule jirani akasema, wewe na bwana yako. Wakacheka. Halafu akaona simu, akasema, kumbe hii bado inarekodi. Ikaisha hapo."

Wakuu, ni kweli nililishika mara mbili. Nilikuwa natoka kazini, mikono yangu ina grisi, nikalishika kwa ukingo tu nisilichafue. Nilidhani hakuna mtu ameona.

Nililia hapo kwa Mama Akisa, mbele ya chai. Hakuniambia nyamaza. Alirudi kubambua njugu zake, akaniacha.

Najua mtaniuliza pazia liko wapi. Baada ya mazishi nilimpa mwenzake wa sokoni gunia lote, sikufungua, sikuwa na nguvu ya kuangalia ndani. Ameshauza. Lile la kijani liko kwa dirisha la mtu, Busia au wapi, sijui. Sijalitafuta.

Siku ya soko Mama Akisa alishuka Malaba, tukaketi watu watatu mbele ya kompyuta ya Faith. Kazi ilichukua mchana wote. Faith aliteremsha kila kitu kutoka cloud hadi kwa kompyuta kwanza, kisha tukaanza kugawa. Anafungua picha, sisi tunasema.

"Yangu."

"Yangu."

"Ya mzee."

"Huyo ng'ombe ni wangu, usimpeleke kwake."

Alitufungulia kila mtu email yake, na password tukaweka wenyewe. Picha zangu ziko kwenye cloud ya email mpya, ziko kwenye flash, na ziko kwenye kompyuta ya ndugu yangu Nambale. Za jeneza niliacha kwa flash peke yake. Hazina haja ya kuwa kwa simu.

Tulipofika karibu na mwisho, ikatokea moja ya Mama Nafula amesimama karibu na kamba, vibanio vya nguo viko mdomoni, anajaribu kucheka bila kuviangusha. Nikasema yangu. Mama Akisa akasema, "Hiyo uniwekee na mimi. Nimeshamzoea."

Faith akaiweka pande zote mbili.

Nilichojifunza, na kila mmoja achukue kinachomfaa: ukiona picha kwa simu yako haimaanishi iko kwa simu yako. Sync, yaani simu kuunganishwa na cloud, inafanya mahali pote pafanane, na ukifuta mahali pamoja inafuta kote, haikuulizi ni ya nani. Kuhifadhi ni kuwa na nakala nyingine ambayo haijaunganishwa na hiyo, kama flash au kompyuta. Mimi nilidhani ni kitu kimoja.

Kama simu yako ulinunua ikiwa imewashwa na kuwekwa kila kitu na muuzaji, ingia leo uangalie email ni ya nani na kuna simu ngapi ndani. Mwombe mtu akusaidie kama hujui, sio aibu.

Kama una sauti ya mtu wako mahali, isikilize yote sasa. Usingoje nguvu kama mimi. Mimi nilibahatika mgeni alinisikilizia.

Na ukikuta kwa simu yako picha za mtu usiyemjua, kabla hujafuta, tafuta kwanza ni wa nani.

Wenye ujuzi wa haya mambo wanirekebishe pale nimeeleza vibaya, na kama kuna mtu yamemkuta kama haya, aandike hapa chini. Nitasoma zote. Kujibu nitachukua muda, kuna malori mengi wiki hii na mvua imeanza.